Marehemu wa Kufungulia Lango

Mkutano wa kwanza wa kupigia kura maji ulihudhuriwa na watu watano na bata, na huyo bata hakualikwa. Mzee Sau Dien, mwenyekiti wa kitongoji, alingoja mpaka chai ikapoa, akasoma ajenda kwa sauti ya mtu aliyejaziwa ukumbi, akafunga mkutano. Wa pili walikuja pungufu ya hao. Wa tatu alikuja Bi Bay peke yake, akamkuta mwenyekiti amelala kwenye benchi, kofia usoni.

"Mwenyekiti, amka. Watu wamefika."

Sau Dien akakurupuka. "Wangapi?"

"Mimi."

Sasa wewe usiyewajua watu wa kitongoji hiki cha Rach Doi utasema ni wavivu. Si wavivu hata kidogo. Ni kwamba kwao mkutano usio na sufuria ni dharau, na mkono mtupu haulambwi. Jambo lolote la maana, nani apige pampu kwanza, mpaka wa nani umetembea usiku, mbegu gani ipandwe, huamuliwa kwenye karamu ya kumkumbuka marehemu wa mtu. Nyumba yenye marehemu hupika kila mwaka siku aliyofia, majirani huja bila barua, wanakula, wanakunywa pombe ya mchele, na pombe ikishashuka vizuri mmoja anafuta mdomo na kuuliza, "Jamani, na lile suala la maji?" Hapo ndipo serikali ya kitongoji inapofungua ofisi.

Na suala la maji mwaka huo lilikuwa zito. Tangu tuta refu lijengwe kukizunguka kitongoji, mafuriko ya mto Hau hayaingii mashambani mpaka lango lifunguliwe, kwa hiyo watu wakapata kulima mpunga mara tatu kwa mwaka badala ya mara mbili. Walikubaliana vizuri tu: miaka mitatu, mavuno manane. Yaani kila mwaka wa tatu zao la mwisho liachwe, lango lifunguliwe, mto uingie na tope lake, uirutubishe ardhi na kuzamisha panya. Mwaka wa tatu ulipofika wakasema tuahirishe kidogo. Wa nne wakasema hivyo hivyo. Mtu akishazoea milo mitatu, mwambie ale miwili uone atakavyokutazama.

Huu ulikuwa wa tano, na shamba la Bi Bay lilikuwa hoi. Mavuno yaliyopita alipopepeta mpunga, nusu ilikuwa makapi. Mbolea anaongeza, magunia yanapungua. Yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa lango, na kila asubuhi alipita pale juu, akautazama mto ulivyojaa tope zuri, jekundu, likipita zake kwenda baharini bure. Alijua wazi kwamba maji yasipoingia msimu huu ataliuza lile shamba, na akishaliuza hajui kufanya kazi nyingine hapa duniani. Na mto haumngoji mtu. Ikishapita tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba, maji ya nje yanakuwa juu mno kuliko ya ndani. Ukifungua lango hapo, yanaingia kwa kishindo na kubomoa mifereji yote. Kwa hiyo ni kabla ya hapo au basi, na halifunguliwi mpaka theluthi mbili ya nyumba zinyooshe mikono.

"Tafuta marehemu," Bi Bay akamwambia mwenyekiti.

Sau Dien alikuwa na kalenda ya mwezi mwandamo ukutani, amezungushia tarehe za marehemu wote wa kitongoji. Akaipekua, akatikisa kichwa. "Mwezi wa saba hakuna hata mmoja. Watu wetu wanakufa wa pili, wa tano, na wa kumi na moja. Wa saba wanaukwepa."

"Harusi je?"

"Mwezi wa mizimu, Bi Bay? Nani atamwoza mwanawe mizimu ikizurura?"

Bi Bay akakaa kwenye benchi. Jambo hilo alikuwa nalo moyoni tangu alipoamka, na sasa lilimjia mdomoni. "Yupo mume wangu. Aliondoka tarehe kumi, mwezi wa saba, na mashua ya vyungu. Mwaka huu ni miaka kumi na tisa. Desturi inasema aliyepotea akumbukwe siku aliyoondoka."

Mwenyekiti alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipopata pumzi alisema, "Tusifanye haraka. Mjomba wangu anaumwa sana. Tumpe siku chache."

"Mwenyekiti, unamwombea mjomba wako kifo kwa ajili ya lango?"

"Nasema tu kwamba anaumwa."

Bi Bay alimwona ni mwoga, akaondoka. Kwa kweli kumwita Bay Nhut marehemu hakukuwa kazi nyepesi. Hata hilo jina analoitwa ni la huyo mume. Yeye kwao ni Lanh, lakini Bay maana yake ni Saba, na mke wa Saba ni Saba. Miaka ya mwanzo alimlilia, iliyofuata alimkasirikia, na baadaye akawa anamkumbuka mara chache tu, kwa mfano paa likivuja. Kilichomzuia kufanya karamu muda wote huo hakikuwa moyo wake. Kilikuwa mama mkwe.

Bibi Hai alikuwa amepita miaka themanini, hasikii anachoambiwa ila anasikia kinachofichwa. Walikaa wawili tu katika nyumba ile. Bi Bay alimkuta kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, anatafuna tambuu na kuutazama upande wa mto.

"Mama, nataka kupika karamu ya Bay."

"Mwanangu hajafa."

"Miaka kumi na tisa, mama."

"Yu hai. Anashindwa kuingia tu. Zamani maji yalikuwa yanafika mpaka jikoni, anafunga mashua kwenye mguu wa kitanda. Sasa mmejenga tuta. Mtoto wa watu apite wapi?"

"Barabarani. Siku hizi kuna pikipiki."

"Bay na pikipiki?" Bibi akacheka kwa dharau. "Yule hata baiskeli ilimtupa kwenye mtaro."

Bi Bay akachuchumaa mbele yake. Akaona amweleze kama anavyowaeleza wakulima zamu za pampu, hatua kwa hatua. "Sasa mama, unataka lango lifunguliwe apite, au hutaki?"

"Nataka. Kila siku nasema."

"Halifunguliwi bila kura. Kura haipigwi bila karamu. Karamu haipikwi bila marehemu."

Bibi alitafuna tambuu yake kwa muda mrefu. "Kwa hiyo unataka nimuue ili aje."

"Ndiyo, mama."

"Pika," akasema bibi. "Lakini picha yake usiipandishe kwenye meza ya wahenga. Ni mkosi. Iweke juu ya televisheni."

Picha yenyewe ilikuwa moja tu duniani, ya harusi. Bi Bay aliukunja upande wake kwa nyuma ili asionekane amesimama na marehemu, akaibana kwenye fremu. Bay Nhut akabaki peke yake juu ya televisheni, anacheka, na mkono wa mtu umemshika kiwiko.

Siku ya tarehe kumi Rach Doi nzima ilikuja. Bi Bay alikuwa amechemsha nyama ya nguruwe na mayai katika maji ya madafu, akapika supu ya karela zilizojazwa nyama, akachoma bata wawili, na vidagaa vya mafuriko alivinunua ng'ambo ya tuta, maana ndani ya tuta samaki hao wamebaki hadithi. Watu waliketi kwenye mikeka mpaka uani. Kitu kimoja kilimshangaza: walikuwa wapole mno. Kila aliyeingia alitazama televisheni, akatazama chini, akatafuta pa kukaa mbali nayo. Bi Tam, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipopewa kijiti cha udi amfukizie marehemu alikishika upande usiofaa, kikakataa kuwaka, akakirudisha akisema kimelowa. Mwenyekiti alijifanya ana mafua, moshi unamdhuru. Bi Bay akajisemea moyoni, kumbe walimpenda hivi mume wangu. Akasikia uchungu kidogo, na akawaongezea nyama.

Bibi Hai alikaa pembeni na kiti chake, bakuli mapajani.

Pombe ikazunguka. Ikazunguka tena. Hatimaye mwenyekiti akafuta mdomo. "Jamani, na lile suala la maji?"

Hapo kitongoji kikaamka. Mmoja akasema panya wa mwaka huu wanakula mpunga na wakishiba wanalala hapo hapo, hawana hata adabu ya kukimbia. Mwingine akasema mbolea anayonunua sasa angelimwagia jiwe lingeota. Bi Tam akasema mpunga wake umedumaa, shina halifiki hata gotini.

"Goti lako liko juu, Bi Tam, unatudanganya," mtu akamtania, watu wakacheka, na Bi Bay akaona mambo yanakwenda vizuri.

Aliyekuwa hacheki ni Nam Rot. Huyu bwana alikuwa amepanda zao la tatu kabla ya wote, shamba lake lote, kwa hesabu kwamba wenzake wataahirisha tena kama kawaida. Sasa mpunga wake ulikuwa umeanza kugeuka rangi, bado wiki mbili tatu kuvunwa. Lango likifunguliwa, unazama mbele ya macho yake. Alisema tungoje mwaka mmoja tu. Wakamwambia mwaka huo mmoja wameshaungoja mara mbili.

"Basi wanaotaka lango lifunguliwe," akasema mwenyekiti, "mikono juu."

Mikono ikaanza kupanda. Nam Rot aliiona inavyoongezeka mkeka baada ya mkeka, akapiga bakuli kwa kijiko.

"Hoja ya utaratibu, mwenyekiti. Kura hii ni batili."

"Batili vipi?"

"Tulikubaliana kura inapigwa kwenye karamu ya marehemu. Hapa hakuna marehemu." Akanyoosha kijiko kwenye televisheni. "Huyo hajafa. Yuko mjini Sa Dec, anauza miche ya maua. Mwezi wa pili nimemwona kwa macho yangu. Ana mke, ana watoto, na amenenepa."

Mkewe, Bi Nam, alimfinya paja kwa nguvu, lakini lilikuwa limeshatoka.

Bi Bay alikuwa amesimama na sufuria ya supu. Hakuidondosha. Aliitua chini taratibu, akamtazama Bi Tam, kwa sababu Bi Tam ndiye shoga yake, angesema, Nam Rot wewe mlevi, funga mdomo. Bi Tam alikuwa anahesabu mbegu za karela ndani ya bakuli. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akavuta kamasi za yale mafua aliyoyatunga. Akatazama mkeka kwa mkeka, na hapakuwa na jicho lililoinuka. Ndipo alipoelewa. Walijua wote. Funika kombe mwanaharamu apite. Na kombe lenyewe lilikuwa limefunikwa miaka mingi, na kila mtu ameliwekea mkono.

"Bi Tam," akasema. "Ulijua?"

"Nilimkuta tu sokoni, shoga yangu. Sikumtafuta."

"Lini?"

"Kabla ya mwaka mpya." Sauti ya Bi Tam ilizidi kushuka. "Alinipunguzia bei."

Bi Bay akageuka kuiangalia baraza. Pale palikuwa na chungu cha maua ya manjano alicholetewa na Bi Tam mwaka mpya, zawadi, akakimwagilia kila siku mpaka mwezi wa nne, akawa anakionyesha wageni. "Yale maua?"

"Yale."

Mtu wa mkeka wa nyuma akaona afadhali naye atue mzigo wake. "Mimi alinisalimia tu, Bi Bay. Sikununua kitu." Mwingine akasema yeye alinunua, lakini yalikauka. Mwenyekiti akasema, "Ndiyo maana nilikuambia mjomba wangu anaumwa."

Hasira ilimpanda Bi Bay, hasira hasa, ya kutaka kuwamwagia supu mmoja mmoja. Na aibu ilikuwa ndani ya hiyo hasira: miaka yote hiyo ya kuonewa huruma sokoni bila kujua. Akamgeukia mama mkwe, akitarajia kumkuta amezimia. Bibi Hai alikuwa anatafuna mfupa wa bata.

"Mama. Na wewe?"

"Mimi sijasema uongo hata siku moja," akasema bibi. "Nilikuambia mwanangu yu hai. Kila siku nilikuambia."

"Ulisema tuta ndilo linamzuia!"

"Hapo nilizidisha kidogo."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Nam Rot, ambaye sasa hata yeye alianza kuona aibu ya alichokifanya, alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mwenyekiti, kura hakuna. Twendeni nyumbani."

"Kaa chini," akasema Bi Bay.

Nam Rot akakaa.

Bi Bay aliiendea televisheni, akaichukua fremu, akamtazama Bay Nhut kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alimtafuta yule aliyemlilia, hakumwona. Aliona mwanamume mchanga mwenye masikio makubwa. Akaipandisha fremu kwenye meza ya wahenga, katikati ya baba mkwe na babu mkwe, akawasha kijiti cha udi, akakisimika.

"Kwangu mimi amekufa leo," akasema. "Mkitaka cheti nendeni Sa Dec. Nyama mmekula, pombe mmekunywa, na mlipokuwa mnakula hamkuniuliza marehemu yuko wapi. Karamu ni karamu. Sasa nataka kusema jambo la maji, na mtanisikiliza, kwa sababu mna deni la kunisikiliza."

Nam Rot akaweka kijiko chini.

"Lango lina mbao kumi. Hakuna sheria inayosema tuziondoe zote siku moja. Kesho naondoa ubao mmoja, maji yanaingia kwenye mashamba ya bondeni tu. Ya ndani yakianza kupanda kabla ya tarehe kumi na tano, ya nje hayatapata nafasi ya kuingia kwa kishindo. Siku chache baadaye mwingine. Shamba la Nam Rot liko juu, karibu na shule. Tukilizungushia tuta dogo la magunia ya mchanga, wote, kila nyumba mtu mmoja, anavuna kabla ubao wa sita haujatoka. Tukiona maji yanakimbia kuliko tulivyodhani, tunarudisha ubao, tunakaa tena, tunapanga tena. Mwakani tutaangalia tope limetupa nini, ndipo tuamue ya mwaka unaofuata. Sitaki ahadi ya miaka mitatu, maana nimeona mnavyozitunza."

Watu walitazamana. Walikuwa wametarajia laana, na badala yake wanaambiwa wakajaze magunia ya mchanga kwa ajili ya Nam Rot, mtu aliyemvua nguo mwanamke mbele ya kitongoji kizima. Nam Rot mwenyewe mdomo ulikuwa wazi. Aligeuka huku na huku kama anayetafuta mtego ulipo.

"Mikono," akasema mwenyekiti, na safari hii sauti yake haikuwa na mafua.

Ilipanda yote. Wa bondeni, wa juu, waliotaka na waliokuwa hawataki. Hakuna aliyethubutu kuwa wa mwisho. Bi Tam alinyoosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Wa Nam Rot ulichelewa, basi Bi Nam akaukamata kifundoni na kuuinua mwenyewe, akaushikilia juu mpaka ulipohesabiwa.

Waliondoka mapema, wametulia, kila mmoja akimuaga Bi Bay kwa heshima ya ajabu. Bi Tam alitaka kubaki kuosha vyombo, akaambiwa nenda, leo sikutaki, njoo kesho na koleo.

Jua lilikuwa bado juu. Bi Bay alikaa kisimani na rundo la masufuria, akayasugua kwa majivu kuliko yalivyohitaji. Baada ya muda alisikia kiti cha plastiki kikiburutwa. Bibi Hai alikisogeza mpaka karibu yake, akaketi, akachukua kitambaa, akaanza kufuta mabakuli yaliyokwisha kuoshwa. Alifuta matatu, akarudia la kwanza.

"Ningekuambia, ungefungasha," akasema bibi. "Ungerudi kwenu. Ulikuwa bado kijana. Mimi ningebaki na nani?"

Bi Bay alimimina majivu mengine kwenye sufuria. Alikumbuka umri aliokuwa nao, na mtu mmoja wa kijiji cha pili aliyewahi kumtumia salamu, akamrudishia kwamba yeye ana mume. Alimkasirikia huyu kikongwe, na papo hapo alimwonea huruma, na hakupenda kuvisikia viwili hivyo kwa pamoja.

"Sasa utafungasha?" bibi akauliza. Aliuliza huku anatazama bakuli.

"Nimekasirika, mama."

"Najua."

"Nitakasirika mpaka maji yaondoke mashambani."

Bibi akahesabu kwa vidole. "Hayaondoki mpaka mwezi wa kumi na moja."

"Basi mpaka wa kumi na moja."

"Kasirika tu, mwanangu," akasema Bibi Hai, akamsogezea sufuria nyingine. "Ilimradi ukasirikie hapa hapa nyumbani."